Dawa ya Kutuliza Diwani

Niungame kwanza, tusipotezeane muda: nikiwa darasa la nne niliiba vidonge kumi na kimoja vya mama yangu mdogo, nikampa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe aliitwa Diwani. Jina nilimpa mimi, kwa sababu alikuwa na tumbo kubwa, mbele za watu alitembea kwa madaha, na kazi hafanyi. Usicheke bado. Sehemu ya kuchekesha ni fupi kuliko unavyodhani.

Kilichonikumbusha ni harufu. Juzi tulikuwa tunatoka shule, tumesimama kando ya barabara hapa Tinde, likapita lori la mashudu ya pamba, turubai limelegea upande. Mashudu, yale mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, yana harufu ya mafuta yaliyoanza kuchacha, ya vumbi, na ya kitu fulani kitamu kama karanga zilizoungua kidogo. Wenzangu wakaziba pua. Mimi nikaivuta yote mpaka tumboni. Halafu nikanyamaza, na mimi nikinyamaza watu huanza kuniuliza kama naumwa.

Mamdogo Minza ni mdogo wake mama, wametoka tumbo moja, lakini ukiwaona utabisha. Mama ni mfupi, mnene, ana sauti ya kuita watu wa kijiji cha pili. Mamdogo ni mrefu kama mlonge, na sauti yake iko kwenye midomo: anapiga mluzi. Baba alikuwa machimboni upande wa Geita, akija nyumbani kama mvua za kwetu zinavyokuja, yaani ukishakata tamaa. Kwa hiyo plau ilikuwa mikononi mwa Mamdogo, na sijaona mpaka leo mtu anayeishika kama yeye. Wanaume wa kijijini wakilima walikuwa wanapiga kelele, wanachapa, wanatukana ukoo mzima wa ng'ombe. Mamdogo hakuwa na fimbo. Mluzi mrefu, ng'ombe wanaondoka. Mluzi wa kukatika mara mbili, wanageuka. Akinyamaza, wanasimama. Mistari yake ilikuwa imenyooka kiasi kwamba mwalimu wetu wa hesabu alipita siku moja akasema tumletee rula ailinganishe nayo.

Mamdogo ana kifafa. Alianza tangu msichana. Mkono wake wa kushoto una kovu la kuangukia jiko, linang'aa kama plastiki iliyoyeyuka. Zamani hizo walimkataza moto, wakamkataza lambo, wakamkataza kisima, wakamkataza kwenda gulioni peke yake, mpaka akabaki kukaa kivulini kando ya ua wa minyaa anachambua maharage, kama mzigo unaosubiri gari. Halafu akaanza dawa za zahanati. Kidonge kimoja kidogo cheupe kila jioni. Msimu mzima ukapita hajaanguka, ndipo akashika plau.

Ila aliishika kwa masharti. Sisi tulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kulimia, na nira inataka wawili. Wa pili alikuwa wa jirani yetu, Baba Shija, mzee mtu mzima aliyesali kila Jumapili na bado akaogopa kila kitu siku sita zilizobaki. Tulikuwa tunaunganisha: ng'ombe wake na wetu, leo kwake, kesho kwetu. Baba Shija alimwambia mama mbele yangu, tena wakati anakula matobolwa yetu, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa:

"Mama, mimi sina neno na Minza. Lakini siku akianguka shambani, namfungua Balozi wangu naondoka naye. Na plau asiguse tena. Sitaki damu ya mtu kwenye jembe."

Balozi ndiye alikuwa ng'ombe wake. Na hilo jina pia nilitoa mimi.

Mamdogo alikuwa amekaa pale pale, akacheka, akasema, "Haya baba, nikitaka kuanguka nitakuja kuangukia kwako." Lakini niliona vidole vyake vinasugua lile kovu. Bila Balozi hakuna nira, bila nira hakuna plau, na bila plau anarudi kwenye maharage.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Siku moja niliwasindikiza mama na Mamdogo zahanati, muuguzi akampa Mamdogo kifuko chake cha mwezi, akasema, "Hizi ni dawa za kutuliza. Usikatishe hata siku moja." Mimi nilisikia nusu ya kwanza. Na lile neno nililijua kuliko neno lolote la Kiswahili, maana ndilo nililoambiwa zaidi maishani. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kisukuma, lakini mama akikasirika alikuwa anahamia Kiswahili, kama hakimu anayevaa joho. "Wewe! Tulia!" Nikirusha mawe kwenye bati la jirani: tulia. Nikimpanda mbuzi: tulia. Kanisani nikiiga kikohozi cha katekista: tulia, na kofi. Kwa hiyo kwa akili yangu kutuliza ni kumfanya mkaidi awe na adabu. Na kumbe serikali imeiweka adabu kwenye kidonge! Nilimwonea huruma mama anavyoumiza mkono wake bure.

Kitu kimoja tu hakikuniingia: Mamdogo alikuwa mkaidi lini? Shuleni watoto wakaniambia, "Mamako mdogo anakula dawa za vichaa." Nikapigana, nikapigwa, nikarudi na mdomo umevimba. Mamdogo akaniosha mdomo kwa maji ya chumvi, akaniuliza nimegombania nini, nikamwambia. Hakukasirika. Akasema, "Jua likiwaka watu wanavaa kofia. Mimi kofia yangu naimeza. Waambie hivyo." Nikaenda nikawaambia. Nikapigwa tena, lakini safari hii nilikuwa na hoja.

Diwani alikuja mwaka huo huo. Maksai wetu wa zamani alikufa kwa ugonjwa, baba akanunua huyu mchanga, hajui nira wala kamba. Alikuwa mwekundu, ana nywele za paji la uso zimesimama kama mtu aliyeamshwa vibaya. Nilimpenda siku ile ile. Tatizo, siku ya kwanza ya nira alimkanyaga Balozi, akavunja ua wa minyaa, akaenda kusimama katikati ya mazishi ya watu. Siku ya pili alilala chini akakataa kuamka. Mama akampigia baba simu, akaweka sauti kubwa tusikie wote. Sauti ya baba ikaja na kelele za mashine za kusaga mawe nyuma yake:

"Asipojua nira mpaka mvua ya kwanza, mpelekeni mnadani. Achinjwe."

Unaelewa sasa? Nilikuwa na rafiki wa kuchinjwa, na ndani ya nyumba, juu ya kabati, ndani ya kikopo cha maziwa ya unga, kulikuwa na adabu ya serikali.

Nilipiga hesabu, na hesabu yangu hata leo naisifu. Mamdogo anameza kimoja. Diwani ni kama Mamdogo kumi. Hivyo ni kumi, na kimoja cha juu kwa ajili ya ukaidi. Nilivichukua mchana, mama yuko gengeni, nikavisaga kwa jiwe, nikavichanganya kwenye mashudu na vipande vya michembe ya viazi, nikampelekea Diwani kwenye beseni la kuogea. Akala. Akalamba beseni. Akanilamba na mimi. Nikakaa chini nimekunja mikono, nasubiri muujiza.

Alicheua. Akanitazama. Akajamba. Akaruka ua.

Nikajisemea dawa ya hospitali haina haraka. Na kweli, kesho yake Mamdogo alianza naye upya. Hakumfunga nira. Alimfunga kamba tu, akawa anatembea naye asubuhi na jioni, bega kwa bega, anampigia mluzi masikioni kama anamwambia siri. Siku ya tatu akamfunga gogo alivute. Siku ya tano akamfunga pamoja na Balozi bila plau, Balozi akamburuza huku anapumua kwa dharau kama mzee anayefundisha mwanafunzi wa mafunzo kazini. Akianza fujo, Mamdogo hakupiga. Alikuwa ananyamaza. Anasimama naye, ananyamaza, hata kama ni saa nzima jua linachoma, mpaka pumzi za Diwani zishuke ndipo anapiga mluzi tena. Kufikia wiki ya pili Diwani alikuwa anaondoka kwa mluzi na kusimama kwa kimya. Watu wa njiani walikuwa wanasimama kuangalia. Baba Shija mwenyewe alisema, "Huyu mwanamke ana kitu."

Na mimi nilikuwa pembeni, kifua mbele, najua ni kitu gani. Ni vidonge vyangu. Niliamini hivyo kabisa. Nilimwona Mamdogo anatokwa jasho, viatu vyake vya tairi vimekatika kamba, sauti ya mluzi imemkauka mpaka anatema mate meupe, na bado nikajipa sifa mimi.

Kwa hiyo vidonge vilipomwishia kabla ya siku ya kliniki, akaja akaniuliza, nilikuwa na sababu ya kudanganya. Alichuchumaa mbele yangu, kifuko mkononi, kitupu.

"Bebe," akasema, ndivyo Wasukuma tunavyomwita mtu 'wewe', "hujaona mtu amegusa kikopo changu?"

"Sijaona, Mamdogo."

"Hakuna hata kimoja kilichoanguka?"

"Hakuna."

Ningesema kweli, wangesema Diwani hajajifunza, amelewa tu, mnadani. Ndivyo nilivyofikiri. Mamdogo akakiangalia kile kifuko muda mrefu, akakigeuza ndani nje. Akasema, "Labda nimekuwa nameza viwili viwili nasahau." Aliisema polepole, kama anamwambia mtu mwingine. Halafu akaniomba nisimwambie mama, maana mvua ilikuwa imeshagusa udongo, na mama angemtoa shambani siku hiyo hiyo ampeleke zahanati. Akasema siku chache si kitu, amekaa misimu miwili mzima. Nikakubali haraka sana. Siri mbili kwa bei ya moja.

Walianza kulima kwetu. Siku ya kwanza safi. Siku ya pili safi, ardhi inafunguka nyeusi, inanuka vizuri, korongo weupe wanafuata nyuma kuokota wadudu. Mimi nilikuwa natembea mbele ya Diwani bila kazi yoyote, najidai namwongoza. Siku ya tatu asubuhi, katikati ya mstari, mluzi ukakatika.

Nikageuka. Mamdogo alikuwa ameachia mpini mmoja, anaangalia kitu ambacho hakipo. Kisha akaenda chini, upande wa ulimi wa plau, akaanza kutetemeka mwili mzima, miguu inachimba udongo aliotoka kuufungua.

Ng'ombe wale wangepiga hatua moja tu. Hatua moja. Ulimi wa plau ulikuwa kama shubiri moja kutoka shavuni mwake. Mimi nilikuwa nimeganda, sikushika kamba, sikupiga kelele, sikufanya chochote. Lakini mluzi ulikuwa umenyamaza, na Diwani alifundishwa kwamba kimya ni kusimama. Akasimama. Balozi alitaka kwenda, nikaona shingo yake inavuta, na Diwani akapiga kwato chini, akakataa. Alisimama masikio yamegeukia nyuma, anasubiri mluzi wa mtu aliyeko chini.

Pale ndipo nilipojua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hakuna kidonge duniani kinachofundisha hivyo.

Mama alikuja anakimbia, khanga imebaki njiani. Baba Shija naye akafika, akasimama mbali, akapaza sauti, "Msimguse! Lile povu likikugusa na wewe unaupata!" Uongo mtupu. Mama hata hakugeuka. Alimsogeza Mamdogo mbali na chuma, akamlaza ubavu, akamwekea kiganja chini ya kichwa, hakumtia kitu mdomoni, akangoja. Mtetemeko ukapungua, ukaisha. Mamdogo akafumbua macho, udongo shavuni, na neno lake la kwanza likawa:

"Ng'ombe wako wapi?"

"Wamesimama, mdogo wangu," mama akamwambia. "Wote wamesimama."

Baba Shija akaanza kufungua nira. "Mama, nilisema. Sikuficha. Dawa zenu za kutuliza zimetuliza nini? Misimu miwili mnamdanganya, leo angekatwa uso. Mimi Balozi namchukua. Na huyu arudi nyumbani akae."

Mama yangu, mwenye sauti ya vijiji viwili, akainamisha kichwa, kwa sababu na yeye alidhani dawa imeshindwa. Na Mamdogo, bado amelala, mkono wake ukawa unapapasa udongo mpaka ukaufikia mpini wa plau, ukaushika. Aliushika tu, kama unavyomshika mtu anayetaka kuondoka.

Nikasema, "Hajameza."

"Nini?"

"Dawa. Hajameza siku nyingi. Ziliisha. Nilizichukua mimi, nikampa Diwani."

Hata korongo nadhani walisimama. Baba Shija akamwangalia Diwani, akaniangalia mimi, akamwangalia Diwani tena.

"Ulimpa ng'ombe?"

"Kumi na kimoja. Nilitaka atulie asichinjwe."

"Akatulia?"

"Alijamba tu."

Kama ulikuwa unasubiri kucheka, cheka hapo, maana Baba Shija alitaka kucheka, akajizuia, akageukia pembeni mabega yanatikisika. Mama hakucheka. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana kwa nguvu ambayo bado naijua, na siku hiyo hiyo tukapanda pikipiki mbili mpaka zahanati, akanisimamisha mbele ya muuguzi, akasema, "Mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Muuguzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisikiliza mpaka mwisho, hesabu ya Mamdogo kumi pia. Akavua miwani.

"Nani amekwambia kutuliza ni kufundisha adabu? Sikiliza. Mwalimu akitoka darasani kwenu inakuwaje?"

"Kelele."

"Wote mnaongea kwa mara moja. Ndivyo kichwa cha mama yako mdogo kinavyofanya akianguka. Hii dawa ni mwalimu anayekaa mlangoni, basi. Haimpunguzii akili, haimpi adabu, adabu anayo. Na ukimwondoa mwalimu ghafla baada ya siku nyingi, kelele zinakuwa mbaya kuliko mwanzo. Wewe umemwondoa. Na ungevimeza wewe vile kumi na kimoja, tungekuwa tunakuzika leo. Umeelewa?"

Nilielewa. Ndiyo maana hata leo vijana wenzangu wakitaniana kwamba wana 'dawa ya kutuliza' mfukoni, wakimaanisha vidonge wanavyopeana ili walewe, mimi mcheshi wa darasa nakosa utani. Wananiita mlokole. Sawa.

Wakati wa kurudi Mamdogo alikaa nyuma yangu kwenye pikipiki, dhaifu bado, kidevu chake kwenye bega langu. Nilisubiri anitukane. Akasema, karibu na sikio, kama alivyokuwa anamwambia Diwani:

"Vidonge si kitu. Lakini uliniacha nidhani kichwa changu kimeanza kunisaliti. Siku zote zile nilikuwa najichunga mwenyewe kama mwizi. Hilo usimfanyie mtu tena."

Nikalia. Dereva akauliza kama upepo unaniumiza macho, nikasema ndiyo.

Baba Shija tulimkuta nyumbani kwetu, anapiga hatua mbele ya ua. Balozi alikuwa bado amefungwa kwenye mti wetu, hakuwa amemchukua. Mama akamweleza kila alichosema muuguzi. Akasikiliza, akakwaruza kidevu, akamwendea Mamdogo aliyekaa kwenye kigoda.

"Minza. Mimi nilikuwa nimesimama mbali, sikukusaidia. Na yule ng'ombe mjinga alisimama." Akakohoa. "Meza dawa zako wiki mbili. Halafu tuanze kwangu."

"Wabeja, baba," Mamdogo akasema, asante hiyo, na akapiga mluzi mdogo sana. Kule zizini Diwani akainua kichwa. Mamdogo alilima naye misimu yote iliyofuata, na hajaanguka tena shambani.

Ilikuwa imebaki kesi yangu na mama. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya minyaa. Nilienda mwenyewe nikakata fimbo, nikaileta, nikainama kama desturi. Mama aliichukua, akaivunja kwa goti, akaitupa jikoni iwe kuni. Akasema, kwa Kiswahili:

"Nikikuchapa utalia, ukishalia utasahau, na mimi sitaki usahau. Kuanzia leo dawa ya Minza utampelekea wewe, kila jioni, na kikombe cha maji, unapiga magoti, unasema shikamoo, unasimama hapo mpaka ameze. Utafanya hivyo mpaka uoe, na ukioa utamfundisha mkeo. Haya, toka mbele yangu, nenda kawanyweshe ng'ombe. Maji matupu."